Ulisafiri nje ya Marekani kusomea kazi yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kodi

Naishi Ohio, kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili, na msimu wa kodi huwa nawasaidia wenzangu kujaza ritani, yaani fomu za kodi za mwaka. Kuanzia Januari mpaka tarehe 15 Aprili simu haipoi. Swali linalorudi kuliko yote ni la safari: mtu alikwenda Zanzibar, Nairobi, London au Toronto kusomea jambo la kazi yake, alitoa pesa zake mfukoni, na sasa anataka kujua kama IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, itamtambua. Majibu yaliyo hapa ni ya ritani ya shirikisho, kwa anayeishi na kulipa kodi Marekani. Majimbo nimeyagusia karibu na mwisho.

Nimeajiriwa, napokea W-2 (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri). Kozi nilijilipia mwenyewe. Naweza kukata gharama hizo kwenye mapato yangu?

Hapana. Najua si jibu ulilolitaka, lakini ni bora ulisikie mapema.

Mpaka ritani ya mwaka 2017 iliwezekana, kwa waliokuwa wakiorodhesha gharama zao kwenye Schedule A, na hata hapo ni kwa kile tu kilichozidi asilimia 2 ya mapato. Sheria iliyopitishwa Desemba 2017 ilifunga mlango huo kuanzia 2018 hadi 2025. Wengi wetu tulikuwa tunahesabu miaka tukingoja 2026. Haukufunguliwa: sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeufunga bila kikomo. Kwa hiyo ukitumiwa video kwenye kundi la WhatsApp inayosema kila mfanyakazi anaweza kukata ada za masomo, tazama kwanza ilirekodiwa lini.

Wapo wachache waliosalimika, nao hutumia Form 2106: askari wa akiba, wasanii wa maonyesho wanaotimiza masharti fulani, maofisa wa majimbo na serikali za mitaa wanaolipwa kwa ada, na wafanyakazi wenye ulemavu kwa zile gharama ambazo ulemavu unawalazimu kuzitoa ili wafanye kazi. Walimu wa chekechea hadi darasa la 12 wana fungu lao dogo, dola 300 kwa ritani ya mwaka 2025, na kozi za kujiendeleza zinazohusu masomo wanayofundisha zinaingia humo. Kwa safari ya Afrika Mashariki, dola 300 hazifiki hata Ulaya.

Basi mwenye W-2 hana lake?

Analo, ila haliko IRS. Liko kwa mwajiri.

Mwajiri akilipia mafunzo yanayokuza ujuzi wa kazi unayoifanya sasa, pamoja na nauli na malazi, pesa hizo hazihesabiwi kuwa mshahara wako na hazikatwi kodi. Akikurudishia ulichotumia, ni hivyo hivyo, mradi kuna utaratibu unaoeleweka: unaeleza safari ilikuwa ya nini, unaleta risiti ndani ya muda (siku 60 tangu ulipotumia ni muda ambao IRS inauona wa kuridhisha), na chenji unairudisha. Bila utaratibu huo, pesa ileile inaingia kwenye W-2 yako kama mshahara na inakatwa kodi.

Kuna pia mpango wa msaada wa elimu ambao waajiri wengi wanao lakini hawautangazi. Unaruhusu mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila kodi, hata kama masomo hayahusiani na kazi yako ya sasa. Uliza ofisi ya rasilimali watu, na uulize kabla ya kukata tiketi. Ukienda kwa bosi umeshasafiri na kurudi, unaomba hisani tu.

Mimi napokea 1099 (fomu ya malipo ya aliyejiajiri) kutoka kampuni za ukalimani. Hali yangu ikoje?

Hapo ndipo pana nafuu. Kwa IRS wewe ni mfanyabiashara, hata kama ofisi yako ni meza ya jikoni na hedifoni. Gharama za mafunzo zinaingia Schedule C (fomu ya mapato na gharama za biashara) pamoja na gharama zako nyingine za biashara, na zinapunguza vitu viwili kwa mpigo: kodi ya mapato na ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3. Kwa aliye kwenye daraja la asilimia 12, kila dola 100 anazokata kihalali zinamwokolea dola ishirini na kitu.

Wengi wetu tuna vyote viwili, W-2 ya hospitali na 1099 za kampuni mbili tatu. Kama mafunzo ni ya biashara yako binafsi, yanaingia Schedule C. Lakini kama mwaka mzima ulipata dola 600 za 1099 na 48,000 za hospitali, halafu unataka kubebesha biashara hiyo ndogo safari ya dola 4,000, tarajia kuulizwa, na uwe na la kujibu.

Ni mafunzo ya aina gani yanayokubalika?

Yatimize moja kati ya haya: yawe yanadumisha au kuongeza ujuzi unaohitajika katika kazi unayoifanya sasa, au yawe yametakiwa na sheria au na anayekupa kazi ili uendelee kuwa na kazi yako. Kisha kuna vizuizi viwili, na chochote kati ya hivyo kikikugusa unatoka nje hata kama umetimiza la kwanza. Mafunzo yasiwe ya kukupa sifa za chini za kuingia kwenye kazi, na yasiwe sehemu ya programu itakayokuwezesha kufanya kazi mpya.

Mkalimani wa mahakama aliyekwenda kusoma istilahi za sheria kwa Kiswahili yuko salama. Mkalimani huyohuyo akisomea shahada ya sheria, hapana, hata akiapa kwamba hatafungua ofisi ya uwakili maisha yake yote. IRS haitazami nia yako. Inatazama shahada hiyo inakufungulia mlango gani.

Mimi ni CNA (msaidizi wa nesi), nasoma niwe nesi kamili, RN. Si ni sekta ileile?

Sekta ni ileile, kazi ni nyingine. RN ana leseni yake na majukumu ambayo CNA haruhusiwi kuyagusa, kwa hiyo ni kazi mpya. Gharama hizo hazikatwi, uwe umesoma Nairobi au Columbus. Tazama swali la Lifetime Learning Credit (punguzo la kodi kwa ada za masomo) huko chini, huenda likakufaa zaidi.

Nilikwenda nyumbani wiki nne kusikia Kiswahili fasaha. Kiswahili si ndicho kinachonilisha?

Ndicho, na naelewa hoja. Ukikaa Marekani miaka kumi lugha inaota kutu: unajikuta unasema "nitakupigia back". Lakini sheria imelisema jambo hili waziwazi: safari yenyewe haiwi elimu. Mfano unaotumiwa sana ni wa mwalimu wa Kifaransa anayekwenda Ufaransa ili tu aendelee kuizoea lugha na utamaduni wake. Huyo hakati kitu. Akienda Paris kufanya utafiti mahususi katika maktaba ambayo haipo kwingine, au kusoma kozi isiyopatikana Marekani, hesabu inabadilika.

Badala ya Paris weka Zanzibar. Kukaa barazani Mji Mkongwe ukinywa kahawa na wazee ni jambo jema, na pengine utajifunza zaidi ya darasani. Kwa kodi ni mapumziko. Kozi ya wiki mbili yenye ratiba, mwalimu, ada na cheti, juu ya jambo linalotumika katika kazi yako, hiyo ni mafunzo.

Nilisoma wiki mbili, kisha nikaenda kumwona mama. Nauli ninaikata yote?

Inategemea umekaa kwa mama siku ngapi. Nitaeleza polepole kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea.

Swali la kwanza ni hili: safari ilikuwa hasa ya nini? Kama ilikuwa ya likizo na mafunzo yalichomekwa ndani yake, nauli yote inabaki kwako, na unachokata ni ada ya kozi na gharama zinazoihusu moja kwa moja. Kama safari ilikuwa hasa ya mafunzo, unaanza kuhesabu siku.

Kwa safari za nje ya Marekani, siku za kwenda na kurudi kwa njia ya kawaida ni za biashara. Siku za darasa ni za biashara. Jumamosi na Jumapili iliyo katikati ya wiki mbili za masomo nayo ni ya biashara, kwa kuwa isingekuwa na maana urudi Ohio halafu uje tena Jumatatu. Lakini wikiendi inayofuata baada ya darasa la mwisho ni yako mwenyewe.

Chukua mfano huu. Unaondoka Columbus Jumamosi, unashuka Dar es Salaam Jumapili na kuvuka kwa boti mpaka Unguja. Unasoma Jumatatu hadi Ijumaa, unapumzika wikiendi, unasoma tena Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi unavuka na kupanda basi la Tanga, kwa mama. Unakaa mpaka Jumamosi ya pili, siku 8. Jumapili unaanza safari ya kurudi, Jumatatu umefika. Jumla siku 24: za kusafiri 4, darasa 10, wikiendi ya katikati 2. Za biashara ni 16, zako ni 8.

Siku 8 kati ya 24 ni theluthi moja. Kwa hiyo theluthi ya nauli haikatwi. Tiketi ikiwa dola 1,500, unakata 1,000 na 500 unazibeba mwenyewe.

Sasa punguza siku za Tanga ziwe 5. Unaanza kurudi Alhamisi, Ijumaa umefika. Jumla siku 21, zako 5, ambazo ni kama asilimia 24. Sheria inasema siku zako zikiwa chini ya asilimia 25 ya safari nzima, safari inahesabiwa kuwa ni ya biashara tupu kwa upande wa nauli. Unakata dola 1,500 zote. Siku tatu zimeipandisha nauli yako kwa dola 500 kwenye Schedule C. (Mama hataki kusikia habari za asilimia 25. Hilo utalimaliza mwenyewe.)

Ukienda karibu, tuseme Toronto au London, kuna njia fupi zaidi. Ukiwa nje ya Marekani siku 7 mfululizo au pungufu, bila kuhesabu siku ya kuondoka lakini ukihesabu ya kurudi, nauli haigawanywi, mradi safari ilikuwa hasa ya kazi.

Na chakula, malazi, visa?

Malazi unakata ya siku za biashara tu, kwa bei uliyolipa kweli. Chakula cha siku hizohizo unakata nusu yake. Kama hutaki kukusanya risiti za chipsi mayai na urojo, unaruhusiwa kutumia kiwango cha posho ya chakula ambacho Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huweka kwa kila mji wa kigeni, kisha unakata nusu ya kiwango hicho. Kiwango cha malazi hakikuhusu wewe uliyejiajiri. Cha malazi kinatumiwa na mwajiri anapomrudishia mfanyakazi wake.

Visa ni gharama ya safari. Mwenye pasipoti ya Marekani analipa dola 100 kuingia Tanzania, na zinaandikwa. Boti ya kuvuka kwenda kwenye kozi inaandikwa. Basi la Tanga haliandikwi, wala zawadi ulizobeba kwenye begi.

Nilisafiri na mke wangu na watoto. Nyumba tulipanga moja.

Nauli zao na chakula chao hapana, isipokuwa mwenzako ni mwajiriwa wa biashara yako na alikuwa na kazi ya kweli huko. Kukushikia daftari haitoshi. Kwa malazi unakata kile ambacho ungelipa ungekuwa peke yako. Chumba cha mtu mmoja ni dola 45 na cha familia 70? Unakata 45. Piga picha orodha ya bei mapokezi, kwa sababu mwaka mmoja baadaye hakuna atakayeikumbuka.

Lilikuwa kongamano, si kozi. Kuna tofauti?

Ipo. Kongamano au semina nje ya eneo la Amerika Kaskazini ina sharti la ziada: mbali na kuhusiana moja kwa moja na kazi yako, lazima kuwe na sababu ya maana ya kulifanyia huko badala ya hapa. Wanatazama kongamano ni la nini, waandaaji ni nani, wanachama wao wanaishi wapi, na mikutano iliyopita ilifanyika wapi. Kongamano la Kiswahili kufanyika Afrika Mashariki linajieleza. Semina ya programu za uhasibu kwa Wamarekani watupu, kwenye hoteli ya ufukweni Nungwi, ni kazi ngumu kuitetea. Kanada na Mexico ziko ndani ya eneo hilo, hivyo sharti hili halizigusi.

Nitunze risiti zipi?

Kwa safari, IRS haipokei makadirio. Inataka kiasi, tarehe, mahali na sababu ya kikazi. Risiti ni lazima kwa malazi yote, na kwa gharama nyingine yoyote ya dola 75 au zaidi. Ndogondogo unaweza kuziandika kwenye daftari siku ileile.

Safari yangu ya kwanza nilirudi na bahasha nene, nikaiweka kwenye droo. Nilipoifungua Machi, nusu ya risiti zilikuwa karatasi nyeupe. Zile risiti za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi madukani, huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia. Nilibaki na vijikaratasi laini visivyosema chochote. Siku hizi napiga picha kabla sijatoka dukani, na nyuma ya risiti naandika kwa kalamu: "malazi, siku ya 3 ya kozi".

Malipo ya M-Pesa yana ujumbe wenye namba ya muamala, tarehe na jina la aliyepokea. Usiufute, upige picha ya skrini. Lakini ujumbe huo unaonyesha pesa zilikwenda kwa nani tu. Ulinunua nini hausemi, kwa hiyo omba na risiti. Weka pia barua ya kukubaliwa kozini, ratiba ya kila siku, cheti, na mihuri ya pasipoti. Ratiba ndiyo inayothibitisha zile siku 10 za darasa. Kwa kawaida tunza vyote miaka mitatu tangu ulipowasilisha ritani.

Nililipa kwa shilingi. Nibadilishe kwa kiwango gani?

Cha siku uliyolipa. Ukitumia kadi ya benki ya Marekani, taarifa ya kadi imekufanyia hesabu. Ukitumia pesa taslimu, tunza stakabadhi ya duka la kubadilishia fedha.

Lifetime Learning Credit ni nini, na inafaa kwa chuo cha nje?

Hii ni tofauti na kukata gharama. Kukata gharama kunapunguza mapato yanayotozwa kodi, ilhali hii inapunguza kodi yenyewe, na mwenye W-2 anaipata sawasawa na mwenye 1099. Ni asilimia 20 ya ada, kwa ada isiyozidi dola 10,000, kwa hiyo kikomo chake ni dola 2,000 kwa ritani. Inaanza kupungua mapato yako yakipita dola 80,000 na inakwisha kwenye 90,000. Kwa wanandoa wanaojaza pamoja ni 160,000 na 180,000. Haiwezi kukurudishia zaidi ya kodi unayodaiwa.

Chuo cha nje kinakubalika kama kinashiriki katika mipango ya mikopo na misaada ya wanafunzi ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Viko vyuo vya Uingereza na Kanada vyenye sifa hiyo. Tafuta chuo chako kwenye orodha ya FAFSA (fomu ya kuomba mikopo na misaada hiyo) kabla ya kulipa. Kituo cha lugha cha mtaani hakitakuwemo, hata kifundishe vizuri kiasi gani. Pia inahusu ada na malipo ya lazima tu: nauli, chumba na chakula havimo. Fomu yake ni 8863. Na dola moja haili mara mbili: ada uliyoiweka Schedule C usiirudie hapa.

Kozi ilikuwa ya Nairobi lakini nilisoma kwa Zoom nikiwa sebuleni.

Hakuna safari, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Aliyejiajiri anakata ada na vitabu, kwa masharti yaleyale ya kozi kuhusiana na kazi ya sasa.

Na kodi ya jimbo?

Baadhi ya majimbo hayakufuata mabadiliko ya 2017. California, New York na Pennsylvania bado zina nafasi kwa mwajiriwa kukata gharama za kazi ambazo hakurudishiwa, kila moja kwa masharti yake. Pennsylvania ni ngumu kwa masomo: inataka yawe yametakiwa na mwajiri au na sheria. Kama unaishi huko na una W-2, usizitupe risiti zako kwa sababu tu ya jibu langu la kwanza.

Nilisafiri mwaka juzi, nina risiti zote, lakini sikujua kama naweza kukata. Nimechelewa?

Pengine hujachelewa. Form 1040-X inarekebisha ritani ya zamani, na kwa kawaida una miaka mitatu tangu ulipowasilisha ile ya kwanza. Jaza upya Schedule C ya mwaka ule, iambatishe, andika maelezo mafupi ya kilichobadilika, na kama jimbo lako lina kodi ya mapato rekebisha na ritani yake. Hesabu siku zako kabla ya kuituma. Nimeona mtu akirekebisha ritani akakata nauli nzima, halafu mihuri ya pasipoti ikaonyesha miezi miwili Mombasa kwa kozi ya siku nne.